Kutengeneza fremu ya chuma ya baiskeli ya mbio kwa mkono: mwongozo kamili, kuanzia karatasi hadi barabarani

Ukikutana na Raleigh ya zamani, zile nyeusi ambazo Kenya huitwa Black Mamba, kwaruza rangi kidogo pale bomba la juu linapoingia kwenye kichwa cha fremu. Chini ya rangi utakuta mstari wa manjano, mwembamba kama uzi wa kushonea. Hiyo ni shaba. Mabomba yale hayakuchomelewa kwa umeme kama geti la nyumba. Yalichomekwa ndani ya vikombe vya chuma, yakapashwa moto, shaba ikayeyuka na kupenya katikati ya kuta mbili hadi ikachungulia ukingoni. Baiskeli imebeba mkaa na maziwa miaka nenda miaka rudi, na maungio bado yanashika.

Fremu ya mbio ya chuma hujengwa vivyo hivyo, ila mabomba yake ni membamba mno na kosa dogo halijifichi. Eddy Merckx, bingwa wa mbio kutoka Ubelgiji, alipoweka rekodi ya umbali wa saa moja mjini Mexico mwaka 1972, kilomita 49.431, alikuwa juu ya chuma kilichotoka kwenye karakana ya fundi Mwitalia Ernesto Colnago. Huko Japani wanaume wa keirin, mbio za baiskeli za uwanjani, bado wanashindana kwa fremu za chuma za mafundi walioidhinishwa.

Hapa nitajenga fremu moja tu, yenye vipimo kamili, ya mwendeshaji ambaye mguu wake una sentimita 84 kutoka kinenani hadi sakafuni. Ukibadilisha mtu utabadilisha namba, kazi ni ileile. Na nikuonye mapema: wengi huja karakana wakitaka kushika moto. Moto kwa fremu nzima ni saa chache. Siku zinazobaki ni za tupa, na fremu nyingi mbovu nilizoziona, zangu mbili zikiwemo, ziliharibika kabla kiberiti hakijawashwa.

Majina tutakayotumia

Pembetatu ya mbele ina bomba la juu, bomba la chini, bomba la kiti na bomba fupi la kichwa linaloshika usukani. Pale chini pedali zinapozunguka kuna bomba nene la kulala. Nitaliita kitovu cha pedali. Kutoka hapo kwenda gurudumu la nyuma ni miguu ya chini, na kutoka chini ya kiti ni miguu ya juu. Inapokutana kuna vipande bapa vinavyoshika ekseli, hayo ni masikio. Vile vikombe vya kuchomeka mabomba mafundi huviita lagi. Uma ni ule wa gurudumu la mbele. Na nikisema kulehemu nina maana ya kuunganisha kwa shaba au fedha bila kuyeyusha chuma chenyewe, ile ambayo mitaani huitwa kuchoma kwa gesi. Kuchomelea kwa umeme ni habari nyingine, na ukiipeleka mashine ya kawaida ya mageti kwenye bomba la nusu milimita utapata tundu.

Kwanza, mchoro wa ukubwa halisi

Usichore kidogo kisha ukazidisha. Tafuta plywood au karatasi ya mita moja na nusu, rula ndefu ya chuma, kipimapembe kizuri na penseli iliyochongwa. Kila bomba utakalokata litalazwa juu ya mchoro huu, kwa hiyo mstari mnene wa penseli ni kosa la milimita nzima.

Kanuni ya zamani inasema kimo cha kiti ni urefu wa mguu mara 0.883, na bomba la kiti ni mara 0.65. Kwa sentimita 84 tunapata kiti sentimita 74 kutoka katikati ya kitovu, na bomba la kiti sentimita 54.6, nitalifanya milimita 550. Siishiki kanuni hii kama msahafu. Kama mtu ana baiskeli anayoipenda, ipime hiyo kwanza. Mwili wake umeshakujibu.

Chora mstari mlalo wa ekseli za magurudumu. Milimita 70 chini yake weka nukta, ndiyo katikati ya kitovu cha pedali. Toka kwenye nukta panda kuelekea nyuma kwa digrii 73, milimita 550, hilo ni bomba la kiti. Kutoka juu yake piga mlalo wa milimita 555 kwenda mbele, bomba la juu hilo. Mwisho wake teremsha mstari sambamba na bomba la kiti, digrii 73 tena, ndio mhimili wa usukani. Sasa fungua bikari milimita 415, weka ncha kwenye kitovu na ukate mstari wa ekseli upande wa nyuma. Itaangukia milimita 409 nyuma ya kitovu. Ekseli ya mbele iko milimita 43 mbele ya mhimili wa usukani, ikipimwa kwa pembemraba na mhimili, si kwa mlalo. Ukichora sawasawa utaikuta milimita 579 mbele ya kitovu, na kati ya ekseli mbili milimita 988. Namba hizo zikikataa, rudi nyuma kabla hujakata chochote.

Ile 43 ndiyo watu huielewa kinyume. Mhimili wa usukani ukiendelezwa hadi ardhini hugusa mbele ya mahali tairi linapogusa, na umbali kati ya nukta hizo mbili, nauita mburuzo, ndio unaoifanya baiskeli ijinyooshe yenyewe. Kwa tairi la milimita 28 kwenye rimu ya 700c, saizi ya kawaida ya baiskeli za mbio, nusu kipenyo cha gurudumu ni kama milimita 339, na mburuzo wetu unatoka karibu 59. Ukiusukuma uma mbele hadi 50 mburuzo unashuka hadi 51, na usukani unakuwa mwepesi zaidi badala ya kuwa mzito. Kwa baiskeli ya barabarani mimi hukaa kati ya 55 na 60 na silali macho.

Angalia pia vidole vya mguu. Kutoka kitovu hadi ekseli ya mbele ni milimita 583. Toa 339 za gurudumu, zinabaki 244. Mkono wa pedali wa 172.5 ukijumlisha na kiatu mbele ya pedali, ncha ya kiatu itaweza kugusa tairi usukani ukikatwa sana. Kwenye baiskeli za mbio hilo ni la kawaida na hutokea ukigeuza kwa mwendo wa kutembea tu, lakini mwambie mwenye baiskeli kabla hajaligundua mwenyewe kwenye mzunguko wa barabara.

Mabomba

Mwaka 1897 Alfred Reynolds wa Birmingham alipata hataza ya bomba lenye ncha nene na tumbo jembamba, ingawa kwa nje linaonekana sawa. Wazo ni rahisi: joto la kulehemu na mkazo wa barabara viko kwenye ncha, katikati kunabeba kidogo. Kampuni hiyo ikatoa Reynolds 531 mwaka 1935, chuma chenye manganizi na molibdeni, na kwa miongo mingi kibandiko chake kwenye bomba la kiti kilikuwa cheti cha heshima. Columbus ya Milano, iliyoanzishwa na Angelo Luigi Colombo mwaka 1919, ndiyo ilikuwa jibu la Waitalia.

Usihangaike na jina kuliko unene. Ugumu wa chuma wa kutopinda ni uleule, gigapaskali 200 hivi, kiwe cha bei rahisi au cha bei ya kukutoa machozi. Aloi nzuri ina nguvu zaidi ya kustahimili kuvunjika, ndiyo maana inaruhusu ukuta mwembamba. Ugumu wa fremu unaununua kwa kipenyo: bomba la chini la milimita 31.8 ni gumu kuliko la 28.6 kwa zaidi ya theluthi moja, ukuta ukiwa uleule.

Kwa fremu hii ninachukua kromoli, yaani chuma chenye kromiamu na molibdeni: bomba la juu 28.6, la chini 31.8, la kiti 28.6 na kichwa cha 36 kwa ajili ya uma wenye shina la inchi moja na moja ya nane. Kuta ni 0.8 kwenye ncha na 0.5 katikati. Kwa fremu ya kwanza kabisa, chukua 0.9 na 0.6. Utaongeza gramu chache na utasamehewa makosa mengi.

Kabla ya kukata, jua ncha nene inaishia wapi. Elekeza bomba kwenye dirisha, uchungulie kama darubini. Pale ukuta unapobadilika utaona pete ya mwanga. Tia alama kwa kalamu ya wino kwa nje. Mtu akikata upande mmoja tu bila kuangalia huishia kulehemu kwenye sehemu ya nusu milimita, na fremu hiyo itapasuka nyuma ya lagi, si leo wala kesho, lakini itapasuka.

Kitovu nunua cha upana wa milimita 68 chenye uzi (mikato ya skrubu) wa Kiingereza. Masikio ya nyuma yaachane milimita 130 kwa breki za rimu. Lagi ziwe za pembe zako. Za kumiminwa hazikubali kukunjwa zaidi ya digrii moja hivi, kwa hiyo kusema kweli lagi huchagua pembe kabla yako, nami ndiyo maana nimechora 73 mbili.

Vifaa

Jiliwa imara. Tupa za nusu mviringo, kubwa na ndogo, mpya. Msumeno wa chuma wenye meno madogo, vipande vya msasa wa kitambaa, kalipa, pembemraba. Mbao mbili zilizochimbwa mfereji wa V za kushikia bomba kwenye jiliwa, maana meno ya jiliwa yakilibana bomba jembamba linabonyea kama kopo la soda. Mtungi wa gesi ya kupikia au asetilini, oksijeni, kichomeo chenye pua ndogo. Miwani ya kulehemu ya kiza namba 4 au 5. Jigi ya kushikia fremu ni nzuri ukiwa nayo, ila mimi nilijenga tatu za kwanza juu ya ubao mnene na vyuma vya kona vilivyofungwa kwa bolti.

Oksijeni na mafuta havikutani kamwe: usipake grisi kwenye vali wala usishike regyuleta kwa glavu zenye oili. Fanya kazi penye hewa. Fimbo za fedha zenye kadimiamu ziache dukani hata zikiwa nusu bei, moshi wake ni sumu inayoua mapafu.

Kukata midomo

Hapa ndipo fremu inapotengenezwa. Bomba linapokutana na bomba jingine halikatwi kwa mstari mnyoofu. Ncha yake inachongwa mdomo unaolikumbatia lile la pili. Hata kama lagi itafunika ungio lote na hakuna atakayeona, mdomo lazima ukae. Lagi inashika, mdomo unabeba.

Anza na bomba la juu upande wa kichwa. Chapisha kiolezo cha karatasi kutoka kwenye programu yoyote ya bure ya kukata mabomba, ukiingiza vipenyo viwili, unene wa ukuta na pembe. Kizungushe kwenye bomba, ubandike, ukate kwa msumeno ukiacha milimita mbili nje ya mstari. Halafu tupa. Tafuta tupa ambayo mgongo wake unakaribia mviringo wa bomba la kichwa, isukume mbele tu, iinue ukiirudisha. Kila misukumo kumi hivi toa bomba kwenye jiliwa, liweke juu ya bomba la kichwa, shika taa nyuma yake.

Mwanzoni utaona mwanga mahali pengi. Baada ya nusu saa utabaki mwezi mwandamo mmoja upande mmoja. Hapo ndipo mkono unapotaka kukimbia; mimi huweka tupa chini nikanywa chai. Mwanga uliobaki upande wa kushoto maana yake ni kwamba kulia ndiko kunakozuia, kwa hiyo unachonga kulia. Aliyenifundisha alikuwa na kipimo kimoja tu: anang'oa karatasi ya daftari, anajaribu kuipitisha kwenye ungio. Ikipita anakurudishia bomba bila neno. Siku ya kwanza alinirudishia mara kumi na moja.

Midomo miwili ya bomba moja lazima ielekee mahali pamoja, isipishane hata kidogo. Laza kipande cha chuma cha kona juu ya bomba. Kingo zake mbili zinakaa zenyewe sambamba na mhimili, na ukichora kando ya ukingo mmoja unapata mstari mnyoofu toka ncha hadi ncha. Violezo vyote viwili vianze kwenye mstari huo. Bila hivyo kichwa cha fremu kitakuwa kimejipinda, na baiskeli itakwenda kiupandeupande kama kaa.

Urefu unapimwa katikati ya mdomo, si kwenye ncha zake. Kata upande mmoja ukamilike, laza kwenye mchoro, tia alama ya pili, kata. Bomba la chini lina kazi zaidi kwa sababu upande wa kitovu linakutana na kitovu chenyewe na pia linakaribiana na bomba la kiti. Miguu ya nyuma nenda nayo polepole, lakini haihitaji maneno mengi: hakikisha tu ina urefu sawa kabisa, kwani tofauti ya milimita moja masikioni inalaza gurudumu.

Midomo ikikaa, toboa matundu ya kupumulia ya milimita 4 kwenye bomba la kichwa na la kiti, mahali bomba jingine litakapofunika, na mengine kwenye miguu ya nyuma. Hewa iliyofungiwa ndani ikipata moto hutafuta njia. Ikikosa, husukuma fedha iliyoyeyuka nje ya ungio, na mguu uliozibwa pande zote mbili unaweza kupasuka usoni pako.

Kusafisha

Ng'arisha kwa msasa sentimita tatu za kila ncha, na ndani ya kila lagi, hadi chuma kiwe cheupe chote. Futa kwa asetoni na kitambaa safi. Baada ya hapo usiguse kwa vidole. Jasho la kidole kimoja linatosha kuifanya fedha ikatae mahali hapo, kama maji juu ya jani la mgomba. Lagi iteleze kwenye bomba bila kulazimishwa na bila kucheza: kwa fedha unataka nafasi ya sehemu ya kumi ya milimita au chini yake.

Paka dawa ya kulehemia, ile rojo nyeupe, nzito kama uji wa mgonjwa. Paka nje ya bomba na ndani ya lagi, usibane mkono. Inayozidi itaoshwa, inayopungua itakugharimu ungio.

Moto

Ninatumia fimbo ya fedha ya asilimia 56 kwenye lagi. Inaanza kuyeyuka karibu digrii 620 na kufikia 650 imekuwa maji, wakati shaba ya kulehemia inataka karibu 900. Shaba ni rahisi kwa bei na inajaza mianya, kwa hiyo masikio ya nyuma, yenye nafasi kubwa, nayalehemu kwa shaba na dawa yake ya boraksi. Kwingine fedha, kwa sababu joto dogo haliumizi bomba jembamba wala halilipindi sana.

Punguza mwanga karakana ili uione rangi ya chuma. Washa, rekebisha moto uwe laini, usivume, wenye gesi iliyozidi kidogo. Usisimame mahali pamoja. Moto uzunguke kama unapaka rangi. Anza na kilicho kinene. Kwenye kitovu, ukuta wa kitovu ni mnene mara kadhaa kuliko bomba, basi moto unakaa kwenye kitovu na bomba linaibiwa joto kwa pembeni.

Sasa usitazame chuma, tazama dawa. Kwanza inachemka na kufuka, maji yanatoka. Kisha inaumuka na kuwa nyeupe kavu kama povu la sabuni lililokauka. Endelea. Ghafla povu linalala, dawa inageuka kuwa kioevu cheupe cha kuonea ndani, kinametameta kama mate ya konokono. Hapo umekaribia, chuma kina wekundu hafifu unaouona kivulini tu. Gusa ukingo wa lagi kwa fimbo, nje ya moto. Ni chuma kinachotakiwa kuyeyusha fimbo, si moto. Ikibaki ngumu, subiri. Ikiyeyuka, itatoweka mbele ya macho yako, imenyonywa ndani kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi.

Fedha hukimbilia palipo na joto. Ukilisha upande wa kushoto, peleka moto kulia, na fedha itapita chini ya lagi yote na kutokeza upande wa pili kama mstari mweupe. Nilipouona mstari huo mara ya kwanza nilizima gesi nikaketi. Ukilisha pande zote mbili kwa haraka hutajua kama katikati kumejaa au kuna upepo. Lisha upande mmoja, ungoje itokeze upande wa pili.

Dawa ikigeuka nyeusi na kuganda, umezidisha. Usiongeze fimbo, haitashika. Zima, acha ipoe, osha, ng'arisha, anza upya. Wala usipoze kwa maji. Chuma kilichotoka motoni kiachwe kipoe chenyewe, mbali na mlango unaopitisha upepo.

Utaratibu wangu ni huu: bomba la kiti kwenye kitovu kwanza, halafu ninapima kama limesimama mraba na uso wa kitovu, maana kila kitu kitapimwa kutoka hapo. Kisha ninashikiza pembetatu ya mbele kwa nukta ndogo za fedha, ninapima tena, ndipo ninalehemu moja kwa moja nikiruka kutoka ungio hadi ungio la mbali ili joto lisikusanyike. Miguu ya chini yenye masikio yake hufuata, gurudumu halisi likiwa ndani. Miguu ya juu mwisho, halafu daraja la breki, kile kipande kinachoiunganisha miguu ya juu na kushika breki ya nyuma. Kwa tairi la 28 chagua breki zenye ufikio, yaani umbali kutoka bolti yake hadi pedi, wa milimita 47 hadi 57, na uma wa kulingana nazo, na utoboe daraja ukiwa na breki yenyewe mkononi.

Na kabla ya ungio la kwanza kabisa, angalia kitovu kimeelekea wapi. Kitovu cha Kiingereza kina uzi wa kinyume upande wa kulia, upande wa cheni, na uzi wa kawaida kushoto. Fremu yangu ya pili niliilehemu yote, nikaiosha, nikaipiga picha nikamtumia kaka yangu, kisha nikachukua kikombe cha ekseli ya pedali, kile kinachofungwa kwenye uzi wa kitovu, kukijaribu. Hakikuingia. Nikakigeuza, hakikuingia. Nilikaa na ile fremu magotini kwa muda kabla ya kukubali kwamba kitovu kilikuwa kimegeuka kushoto kulia, na hakuna moto wa kukitoa bila kuua mabomba yaliyoungana nacho. Kilichoniokoa ni Waitalia: uzi wao una kipenyo cha milimita 36 dhidi ya 34.8 za Kiingereza, na pande zote mbili ni wa kawaida. Tulilipanua tundu na kukata uzi wa Kitaliano juu ya ule wa zamani. Tangu siku hiyo huandika neno CHENI kwa rangi nyekundu kwenye kitovu kabla hata sijakitoa kwenye mfuko.

Kuosha na kunyoosha

Dawa iliyoganda ni kioo. Usiigonge kwa nyundo. Iloweke kwenye maji ya moto, yatiririke na ndani pia, hadi iishe. Inayobaki hunyonya unyevu na kutafuna chuma chini ya rangi. Ile ya shaba ni ngumu zaidi na hutaka maji ya kuchemka na uvumilivu.

Kisha kamba. Ifunge kwenye sikio moja, izungushe bomba la kichwa, irudi sikio la pili, ivute. Pima kutoka kamba hadi bomba la kiti kulia na kushoto. Tofauti ya milimita moja ninaikubali. Ikizidi, chuma kinakubali kuvutwa kwa mkono: shika upande unaotakiwa kusogea, vuta kidogo, pima, rudia. Halafu weka gurudumu, tazama lilivyokaa, ligeuze kushoto kuwa kulia na ulitazame tena. Likiegemea upande uleule mara zote mbili, tatizo ni fremu. Likibadilisha upande, ni gurudumu.

Masikio yawe sambamba, maana yasipokuwa hivyo ekseli itapinda kidogo kila unapokaza. Bomba la kiti lipanuliwe kwa rima, zana ya kupanulia tundu, hadi mlingoti wa kiti wa milimita 27.2 uteleze bila kucheza, kata ufa wa kubania kwenye lagi, lainisha nyuso za kichwa na za kitovu. Kama huna zana hizi, duka kubwa la baiskeli huwa nazo, na ni kazi ya saa moja.

Uma wa fremu ya kwanza nunua. Nasema hivyo nikijua baadhi ya mafundi watanikasirikia. Fremu ikipasuka mara nyingi hulia kwanza. Uma ukikatika humwangusha mtu kwa meno. Na ukitaka kuuza fremu zako, kuna kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli, ISO 4210, chenye majaribio ya fremu na uma, kisome kabla ya kupokea pesa ya mtu.

Rangi, na kilomita za kwanza

Rangi ya unga huokwa kwenye joto la digrii 200 hivi, mbali sana na kiwango cha kuyeyusha fedha, kwa hiyo usiogope kuipeleka. Ziba nyuzi za kitovu na nyuso za kichwa. Baada ya rangi, mimina mafuta ya kitani au dawa ya kuzuia kutu kupitia yale matundu ya kupumulia, geuza fremu huku na huku, iache ichuruzike usiku kucha juu ya magazeti. Ukikaa pwani fanya hivi kila mwaka.

Iendeshe kilomita mia moja, ukianza na barabara tambarare. Kisha isafishe na uipeleke juani. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa kila lagi, hasa chini ya bomba la chini karibu na kichwa na pale miguu ya chini inapotoka kwenye kitovu. Mstari mwembamba kwenye rangi unaofuata ukingo wa lagi unaweza kuwa rangi tu. Mstari unaovuka bomba, au unaotoa kutu ukilowa, maana yake ni kung'oa magurudumu, kukwangua rangi mahali hapo na kutazama kwa kioo cha kukuzia.

Yangu ya tatu ilikuwa na mstari kama huo. Ilikuwa rangi.